Je, Kitabu cha Simu Kitakizika cha Karatasi?

Ndugu msikilizaji, wiki iliyopita nilikuwa Karatu, mji wanaopitia watalii waendao kreta ya Ngorongoro. Ilikuwa siku ya mnada. Kwenye kibanda cha kuchaji simu nilimkuta kijana wa kidato cha nne, yuko likizo, ametoka boma lisilo na umeme huko Ngorongoro. Alikuwa akisubiri simu ya kaka yake ijae chaji, kwani ndani yake mna vitabu vyake vya Biolojia na Historia.

Nilimuuliza vya karatasi viko wapi. Akanijibu, "Shikamoo mzee, vya karatasi vimebaki shuleni. Kimoja tunasoma watu sita."

Jibu hilo limenifanya nilitazame upya swali linaloulizwa mara nyingi siku hizi: je, vitabu vya kidijitali vitaviondoa vya karatasi?

Kampuni ya Amazon ilipoanza kuuza kisomeo chake cha Kindle mwaka 2007, wengi walitabiri msiba. Msiba haukutokea. Huko huko Marekani na Uingereza vitabu vya karatasi bado vinauzwa zaidi kuliko vya kidijitali. Hata sisi wa redio tuliwahi kutabiriwa kifo. Televisheni ilipoingia Tanzania Bara mwaka 1994 nilikuwa bado mwanafunzi, na watu wakasema redio kwaheri. Leo unanisikia.

Hata hivyo, tusiibeze simu ya kijana yule. Inabeba vitabu ambavyo mtu asingeweza kuvitia kwenye begi moja. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni, na vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu. Kitabu kinachochelewa njiani kwa lori chaweza kufika kwa dakika chache, mradi kuna mtandao, bando na chaji. Hapo ndipo penye kazi.

Kuna jambo la pili, nalo ni la umiliki. Kitabu cha karatasi ukikinunua ni chako. Utamwazima jirani, utamrithisha mdogo wako. Cha kidijitali, mara nyingi unachonunua ni ruhusa ya kusoma tu. Mwaka 2009 Amazon ilifuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye visomeo vya wateja, kwa kuwa aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Wateja walirudishiwa fedha, lakini rafu ilibaki tupu.

Ngorongoro yenyewe ina funzo. Kule Laetoli, mwaka 1978, watafiti wa kundi la Mary Leakey waligundua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kiasi cha miaka milioni 3.6 iliyopita. Katika miaka ya 1990 nyayo hizo zilifukiwa tena ili zisiharibike, na wageni huoneshwa nakala katika makumbusho ya Olduvai. Nakala inawafikia wengi, asili inatunzwa. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa nakala ipo, basi nyayo zitupwe.

Kwa maoni yangu, katika Karatu na sehemu nyingi za nchi yetu, kitabu cha simu hakigombani na kitabu cha karatasi. Kinagombana na ukosefu wa kitabu. Hatari ninayoiona ni mtu kukaa ofisini akasema, "Vitabu vipo mtandaoni, kwa nini tuchapishe?" Siku hiyo wanafunzi sita watakuwa hawana hata kile kimoja, na simu itakuwa imezima.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kitabu cha kidijitali ni mgeni. Tumkaribishe, tumtengee nafasi, lakini tusimpe kitanda cha mwenyeji.