Mjini na Kijijini: Bei za Nyumba Zilizovunja Rekodi

Nyumba ya mjini ni ghali na ya kijijini ni nafuu: hilo kila mnunuzi analijua. Lakini bei ya kununulia ni sehemu tu ya gharama, na rekodi hizi zinalithibitisha.

Mita ghali kuliko zote: Monaco. Mwaka 2023 mita moja ya mraba ya makazi iliuzwa kwa wastani wa zaidi ya yuro 50,000. Nchi nzima ina kilomita za mraba 2 hivi, na wakazi wake wengi hawatozwi kodi ya mapato. Matajiri wanagombea nafasi iliyo ndogo mno.

Nyumba moja iliyotikisa Marekani: New York. Mwaka 2019 makazi ndani ya jengo linalotazama Central Park yalinunuliwa kwa dola milioni 238 hivi. Nchini humo hakuna nyumba iliyowahi kufikia bei hiyo kabla yake.

Mji mgumu kuliko yote kwa mwenye mshahara: Hong Kong. Ripoti ya Demographia ya mwaka 2022 kuhusu unafuu wa nyumba ilionyesha kuwa nyumba ya bei ya kati iligharimu mapato ya zaidi ya miaka 23 ya kaya ya kipato cha kati, bila kula wala kuvaa.

Bei ya chini kuliko zote: Sambuca, Sisilia. Mwaka 2019 mji huu mdogo wa Italia, uliokimbiwa na vijana wake, ulinadi nyumba zilizochakaa kuanzia yuro 1. Mnunuzi aliweka dhamana ya yuro 5,000 na kuahidi kukarabati ndani ya miaka 3, kwa yuro 15,000 au zaidi. Gharama yenyewe ilikuwa kwenye saruji na mafundi.

Nyumba tupu kwa mamilioni: Japani. Utafiti wa serikali kuhusu makazi wa mwaka 2023 ulikadiria nyumba milioni 9 zisizo na watu, karibu 14 katika kila 100. Vijijini nyingi huuzwa kwa bei ya kutupa, kwa kuwa ajira ziko mijini.

Muda mrefu wa kumiliki ardhi: vijiji vya Tanzania. Hati ya kiwanja cha mjini hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Hakimiliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inaweza kutolewa bila ukomo. Hapo kijiji huushinda mji.

Nafuu ya ushuru: Kenya. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani. Lakini shamba la kilimo kwa kawaida haliuzwi bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, jumlisha bei, ukarabati, maji, umeme, barabara na nauli ya kwenda kazini. Kisha thibitisha umiliki kwenye ofisi ya ardhi au serikali ya kijiji. Nyumba isiyo na karatasi halali ni ghali hata ukipewa bure.