Mishipa Mikubwa ya Damu Nayo Huzeeka

Hapa Mpanda wengi wetu hufunga mzigo kwenye baiskeli kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu. Mpira mpya huvutika na kurudi. Ukikaa juani kwa muda mrefu hukauka, hukakamaa na mwisho hukatika. Mishipa mikubwa inayotoa damu moyoni nayo hukakamaa vivyo hivyo.

Kazi yake ni nini?

Moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku. Kila unaposukuma damu, mshipa mkuu hutanuka, kisha hurudi taratibu na kuipeleka damu mbele wakati moyo unapumzika. Hivyo mishipa midogo ya ubongo na figo haipigwi kwa nguvu. Mshipa ukikakamaa, pigo hukimbia. Kwa kijana husafiri kama mita 5 hadi 6 kwa sekunde. Kwa mzee laweza kupita mita 10. Ndiyo maana kwa wazee wengi namba ya juu ya presha hupanda huku ya chini ikishuka. Moyo huchoka, na hatari ya kiharusi huongezeka.

Nini hukakamaza mishipa?

Kwanza ni umri. Nyuzi zinazovutika hutengenezwa zaidi utotoni. Zikichakaa, nyuzi ngumu huchukua nafasi yake. Hilo hatuwezi kulizuia. Lakini presha, chumvi nyingi, tumbaku, kisukari, unene na kukaa bila kutumia mwili huharakisha uzee huo, hata kwa mtu anayejiona mzima.

Wajaluo wa umri wa chini ya miaka 35 waliohama mashambani magharibi ya Kenya kwenda Nairobi walifuatiliwa na watafiti, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Mapema baada ya kuhama, presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani. Chumvi katika chakula chao ilikuwa imeongezeka. Ukoo ni ule ule. Kilichobadilika ni maisha.

Tufanye nini?

Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika samaki wa chumvi. Samaki hao waloweke kwanza, umwage maji. Usiongeze chumvi mezani. Kula mboga za majani, maharage na matunda. Acha sigara na ugoro. Mwenye kazi ya kukaa dukani au ofisini atembee haraka nusu saa, siku 5 kwa wiki.

Zaidi ya yote, usingoje kichwa kiume. Mishipa hukakamaa bila maumivu. Nenda zahanati upimwe presha. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, rudi upimwe tena siku nyingine. Ukiandikiwa dawa, usiache kwa sababu unajisikia vizuri. Na ukienda, nenda pamoja na baba, mama na bibi.