Kabla ya kumnunulia mwanao bodi na waya

Mtoto anayefungua redio mbovu na kuficha mota zake uvunguni mwa kitanda, siku moja ataomba kitu kiitwacho Arduino. Mzazi wa Ipinda au Matema hana haja ya kushtuka, ila aulize maswali kabla ya kutoa pesa.

Arduino ni bodi ya kielektroniki inayoenea kiganjani. Ilibuniwa Italia mwaka 2005 ili hata wanafunzi wasio wahandisi waweze kuunda vifaa vyao. Huuzwa kwa seti: bodi, taa, kengele, na vihisi vya joto, unyevu na umbali. Vipande huchomekwa na kuchomolewa bila kuchomea risasi, hivyo mtoto anaweza kukosea mara kumi na kuanza upya. Nyingine ni micro:bit, ambayo BBC iliwagawia wanafunzi wapatao milioni moja Uingereza mwaka 2016. Hii huelekezwa hata kwa simu, na mbili hutumiana ujumbe kwa redio bila bando. Arduino kwa kawaida huhitaji kompyuta. Kama nyumbani haipo, hilo lijulikane mapema.

Seti nyingi huishia kuwasha taa nyekundu wiki mbili, kisha kabatini. Inayodumu ni ile yenye swali la nyumbani, na Kyela maswali hayo yapo.

Chukua kakao. Mbegu mbichi huvundikwa siku tano hadi saba, zikifunikwa majani ya migomba, na joto ndani hupanda hadi kukaribia nyuzi 50. Mkulima mzoefu hulijua kwa mkono. Kijana akizamisha kipimajoto cha waya katikati ya sanduku na kingine pembeni, ataona pembeni panavyochelewa kupata moto, na hapo ataelewa kwa nini bibi yake hugeuza mbegu. Zipo bodi za kutuma vipimo hivyo kwenye simu, lakini kwa kuanzia daftari linatosha. Na bibi aulizwe kwanza. Bila yeye kijana atakuwa na namba tu asizojua maana yake.

Mto ni habari nyingine. Masika, Kiwira, Mbaka na Songwe hufurika, na kijana mwerevu atataka kuunda kengele ya mafuriko. Kihisi cha umbali kinachotumia sauti hupima hadi mita 4, kwa hiyo kikitazama maji kutoka juu kitaona yakipanda. Ajaribu, lakini juu ya ndoo uani, si kingoni mwa mto. Hivi ni vifaa vya majaribio: waya huchomoka, unyevu huingia, na pawabenki nyingi hujizima zenyewe bodi ikivuta umeme kidogo. Kengele iliyonyamaza inaweza kuwa imekufa tu. Familia isilale kwa kuitegemea. Ifuate taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa na uongozi wa kijiji.

Jambo moja halina mjadala. Bodi hizi hutumia volti 5 au chini yake, hazimdhuru mtoto. Lakini seti nyingi huja na rilei, swichi inayoweza kuwasha taa ya ukutani, na huko kuna volti 230. Kipande hicho mzazi akitoe siku ya kwanza akifungie, hadi awepo fundi umeme wa kukaa naye.