Mageti Yanayofunguliwa Jumamosi Alfajiri

Mikocheni, Dar es Salaam, ni mtaa wa kuta ndefu. Kuanzia Mikocheni A hadi B, kando ya barabara ya Mwai Kibaki ambayo wakongwe bado wanaiita Old Bagamoyo, nyumba zimejificha nyuma ya mageti ya chuma, na mtu anaweza kuishi miaka na miaka bila kumjua jirani yake kwa jina. Anamjua kwa gari. Lakini Jumamosi alfajiri baadhi ya mageti hayo hufunguliwa, viti vya plastiki hupangwa barazani, na watu huanza kuingia: mama mwenye nyumba na kitenge chake, mzee mstaafu na Biblia iliyochakaa, dada wa kazi, mlinzi aliyetoka lindoni. Hiyo ndiyo jumuiya.

Kwa Wakatoliki, jumuiya ndogondogo zilipata nguvu miaka ya 1970, maaskofu wa Afrika Mashariki walipozifanya msingi wa kazi ya kichungaji. Walutheri nao wanazo, na kwa Walokole mambo hayo hufanyika kwenye mikesha na maombi ya kufunga. Ibada yenyewe si ndefu. Wimbo, neno, maombi, sadaka, kisha matangazo, na hapo kwenye matangazo ndipo watu hutega masikio. Ndipo hujulikana nani kalazwa Muhimbili, nani kapunguzwa kazini, mtoto wa nani karudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Aliyeelemewa hasimulii yote, husema tu, "Wapendwa, mniombee." Wenye kuelewa huelewa, na ibada ikiisha wawili watatu hawaondoki.

Msiba ukitokea ndipo mazoea hayo huonekana kazi yake. Jumuiya hufika kabla ya ndugu wa mkoani. Turubai hufungwa, kamati huundwa, daftari la rambirambi hufunguliwa, akina mama huinjika masufuria uani. Kila jioni kuna ibada, hadi siku ya kuzika au ya kusafirisha mwili kwenda Moshi, Bukoba au Mbeya. Majirani Waislamu hukaa kwenye viti hivyohivyo, na wakati wa kubeba jeneza hakuna anayeulizwa dini. Watani nao hawakosi: atatokea mmoja ajilaze njiani, adai hela ndipo marehemu apite, mpaka mjane acheke bila kupenda. Sijaona mahubiri yanayoweza kufanya hivyo.

Aprili 2020 desturi hii ilipata pigo. Corona ilikuwa imeingia. Makanisa Tanzania hayakufungwa, na Rais Magufuli alitangaza siku tatu za maombi ya kitaifa, tarehe 17 hadi 19. Alfajiri ya tarehe 20 akafariki Mchungaji Getrude Rwakatare, mwanzilishi wa Kanisa la Mlima wa Moto la hapahapa Mikocheni B, aliyekuwa pia mbunge. Mtu wa umati kama yeye alizikwa na watu wachache tu. Waumini waliozoea kulia pamoja walibaki majumbani na simu zao. Maombi waliyafanya, tena kwa machozi, lakini mfiwa wa Dar es Salaam amezoea kushikwa mkono. Tangu hapo naamini kwamba amani ambayo Wakristo wa hapa huishuhudia wakati wa shida huletwa, kwa sehemu kubwa, na miguu ya watu.

Desturi hii ina ubaya wake, na tuuseme. Mtu akifa, swali la kwanza katika sharika na parokia nyingi ni, "Alikuwa anasali jumuiya?" Kama hakuwa, familia huanza kuhangaika na daftari la michango huku maiti iko mochwari. Naelewa viongozi wanaogopa watu wa kuja kanisani kwa jeneza tu. Hata hivyo, kumdai mfiwa michango ya marehemu ni ukatili, hata ukipigwa muhuri wa kanisa. Deni la marehemu lingoje hadi matanga yaanuliwe.

Nawe uliyehamia Mikocheni hivi karibuni, usingoje ufiwe ndipo uitafute jumuiya yako. Muulize mlinzi wa geti la jirani. Mara nyingi yeye ndiye anayejua Jumamosi hii ibada iko nyumba gani.