Muguka na Ubongo wa Vijana Wetu

Mei 2024 Mombasa ilipiga marufuku muguka utokao Embu, na Mahakama Kuu ya Embu ikasitisha katazo hilo kwa muda. Katika mabishano ya biashara, tusisahau yaliyomo majumbani mwetu. Muguka, kama miraa ya Meru, una kathinoni, kemikali inayozidisha dopamini ubongoni. Kwa kijana aliye mwepesi kupata skizofrenia, yaweza kuamsha dalili zake. Maradhi haya yamo ubongoni: tangu mwanzo wake, vipimo vya picha huonyesha, kwa wastani, tabaka la kijivu limepungua kidogo na vyumba vya maji vimepanuka. Basi mama asilaumiwe kwa malezi. Kijana akijitenga, akikesha, akishuku jamaa zake au akisikia sauti tusizozisikia, tumwombee dua, na hospitali tumpeleke mapema.