Haki ya Mwenye Kutoa Jasho



Hapa kwetu Miembeni, mjini Bukoba, limekuwa likiulizwa suali moja, na hapana shaka laulizwa hata huko kwenu: Je, yafaa Muislamu aingie katika chama cha wafanya kazi? Wako wasemao kuwa vyama hivi ni mlango wa fitina, na kuwa kumdai bwana wako haki mbele ya watu ni utovu wa adabu. Wako wasemao kuwa mtu akivunjika mguu kazini hiyo ndiyo kadari yake, wala hapana wa kuulizwa. Na wako wa tatu, nao ndio wengi, wasemao kuwa mambo haya ni ya watu wa maofisini wenye mishahara ya mwezi, kibarua hayamhusu. Sisi twaona kuwa kauli zote tatu zina kasoro. Na kwa kuwa zawagusa wajane na mayatima waliomo katika nyumba zetu, tumeazimia kuzijibu moja baada ya moja.

MADENI YA AL-AS BIN WAIL

Tuanze na ile ya fitina. Katika mji wa Makka, yapata miaka 20 kabla ya Bwana Mtume (s.a.w.) kupewa utume, alifika mgeni kutoka upande wa Yaman na bidhaa zake. Tajiri mmoja wa Kikureshi, Al-As bin Wail, akazinunua, kisha akakataa kulipa. Yule mgeni hakuwa na ukoo wa kumtetea pale. Akapanda jabali karibu na Al-Kaaba akapaza sauti, akaeleza dhulma aliyotendewa. Ndipo baadhi ya koo za Makureshi zilipokusanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, zikala kiapo kuwa watakuwa mkono mmoja pamoja na mwenye kudhulumiwa, akiwa mwenyeji au mgeni, mpaka arudishiwe haki yake. Wakaenda wote kwa Al-As, wakamtoza mali ya yule mtu. Kiapo hicho ndicho kiitwacho Hilful-Fudhul. Bwana Mtume alikihudhuria akiwa kijana, na baada ya kuja Uislamu alikisifu, akasema kuwa lau angeitwa tena kwa jambo kama lile, angeitika.

Sasa tazameni jambo la pili la mtu yule yule. Khabbab bin Al-Arat alikuwa mhunzi, fundi wa panga, mtu dhaifu asiye na jamaa wenye nguvu. Alimfanyia kazi Al-As bin Wail, na alipokwenda kudai ujira wake aliambiwa kuwa hatalipwa mpaka amkanushe Muhammad. Alipokataa, Al-As akamfanyia mzaha, akasema basi atamlipa huko Akhera, kwani huko nako atakuwa na mali na watoto. Zikateremka aya katika Sura Maryam kumkemea mtu huyo.

Mdaiwa ni mmoja, na dhulma ni moja, ila mfanya biashara alipata mali yake kwa sababu watu walisimama pamoja naye, na mhunzi alikwenda peke yake akarudi na mzaha. Je, waliokusanyika nyumbani kwa Ibn Jud'an walifanya fitina? La, hasha! Fitina ni kuzuia haki ya mtu. Kukusanyika ili haki irudi kwa mwenyewe ni kusaidiana katika wema, na hilo tumeamrishwa.

KADARI NA UZEMBE

Kauli ya pili ni ya kadari. Sisi twaamini kadari, na asiyeiamini imani yake haikutimia. Walakini dini iliyotufundisha kadari ndiyo hiyo hiyo iliyotufundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Mwenye kumpandisha mtu juu ya jukwaa la miti iliyooza, kisha akasema "ni mapenzi ya Mungu" mtu huyo akianguka, amemsingizia Mola wake uzembe wa nafsi yake.

Yakumbukwe mambo mawili ya mwaka 1434 Hijria, yaani 2013. Tarehe 29 Machi, siku ya Ijumaa, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, watu 36 wakafa, wajenzi na wasio wajenzi. Mwezi haujatimia, tarehe 24 Aprili, likaporomoka jengo la Rana Plaza karibu na mji wa Dhaka, katika Bangladesh, nchi ya ndugu zetu Waislamu. Ndani yake mlikuwa na viwanda vya kushona nguo. Siku moja kabla, nyufa zilionekana ukutani na watu wakatolewa nje. Asubuhi yake waliamrishwa warudi mashineni, na wengine wakatishwa kuwa watakatwa mshahara. Walikufa zaidi ya watu 1,100, wengi wao wanawake vijana.

Wale mafundi waliziona nyufa. Hawakukosa macho, walikosa chama cha kusema kwa niaba yao, "Leo hatuingii." Mtu mmoja akisema hivyo hufukuzwa, lakini watu elfu wakisema kwa kauli moja, bwana hana budi kusikiliza. Baada ya msiba huo vyama vya wafanya kazi vya kimataifa vilifunga mkataba na makampuni makubwa yanunuayo nguo, mkataba wenye nguvu ya sheria, majengo yakaguliwe na ya hatari yatengenezwe. Maelfu ya kasoro zilirekebishwa katika viwanda vya nchi hiyo. Kadari ni ile ile ya Mwenyezi Mungu. Kilichobadilika ni kuwa ngamia alifungwa.

Na mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani lilitangaza kuwa usalama na afya mahali pa kazi ni miongoni mwa haki za msingi za mfanya kazi, sawa na haki ya kutotumikishwa kwa nguvu. Huku kwetu nako bado twaomboleza. Tarehe 23 Mei 2024 bomba la mvuke lilipasuka katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, Morogoro, watu 11 wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

WALIOANZA WALIKUWA VIBARUA

Kauli ya tatu yasema kuwa chama si cha kibarua. Historia ya pwani yetu yaikanusha. Waliogoma katika bandari ya Dar es Salaam mwaka 1939, na tena 1943, walikuwa makuli, watu wa kubeba magunia melini, na wengi wao walikuwa vibarua wa kutwa, ambao leo wameitwa na kesho hawakuitwa. Hawakuwa na kalamu sikioni. Mnamo Januari 1947 maelfu ya wafanya kazi wa Mombasa waliacha kazi, wakawa wakikutana katika kiwanja walichokiita Kiembeni; jina ambalo sisi watu wa Miembeni hatuwezi kulisahau. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo akahamishwa mbali, akazuiliwa kwa miaka mingi. Mnamo Septemba mwaka huo moto ukawaka Dar es Salaam, ukafuata njia ya reli mpaka miji ya bara, na makuli wakapata nyongeza ya ujira. Chama chao kilipoundwa, katibu wake mwaka 1948 alikuwa kijana Muislamu, Abdulwahid Sykes, ambaye jina lake limo pia katika habari za kuasisiwa kwa TANU.

Hatusemi kuwa kila jambo lilikwenda sawa. Mwaka 1950 mgomo wa bandarini uligeuka kuwa mapambano na polisi, na chama kile kikavunjwa. Mwaka 1955 vyama vikajiunga kufanya shirikisho la Tanganyika, TFL, na katibu mkuu wake akawa Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi. Kisha mwaka 1964 vyama vyote vikafutwa, kikaundwa kimoja, NUTA, chini ya mkono wa serikali na TANU, na katibu mkuu wake alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Huenda nia ilikuwa umoja, lakini mfanya kazi akawa hana pa kumshitakia mkubwa isipokuwa kwa mkubwa. Ilipita miaka mingi, zikapita JUWATA na OTTU, mpaka sheria ya mwaka 1998 ilipofungua tena mlango wa vyama huru. Yafaa tujifunze hapo kuwa chama kisicho na ulimi wake chenyewe ni kama ngoma iliyopasuka: yaonekana, lakini haisikiki.

SHERIA YASEMAJE

Wasomaji wengi hawajui yaliyomo katika sheria za Tanzania Bara, na haki isiyojulikana ni kama mali iliyofukiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaruhusu watu wasiopungua 20 kuunda chama. Saa za kawaida za kazi hazipiti 9 kwa siku wala 45 kwa juma, na zinazozidi zalipwa kwa ujira na nusu. Mfanya kazi ana likizo ya siku 28 kwa mwaka, na mama aliyejifungua siku 84. Ni haramu kisheria kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na ni haramu pia kumbagua mtu kwa dini yake. Aliyefukuzwa kwa dhulma apeleke shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika muda wa siku 30. Asingoje kuomba radhi na kubembeleza mpaka siku zikampita.

Kwa upande wa usalama, sheria ya mwaka 2003 yamlazimisha mwajiri kulinda uzima wa watu wake, na ukaguzi ni kazi ya wakala wa serikali uitwao OSHA. Na sheria ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango wa mfuko huo hutolewa na mwajiri peke yake. Mfanya kazi hakatwi hata senti. Akiumia hutibiwa na kufidiwa, na akifa kwa ajili ya kazi, wategemezi wake hupewa haki yao.

Sisi walimu wa vyuo hatuna haja ya takwimu kujua thamani ya jambo hili. Mtoto anapoacha kuja chuoni, na ukauliza, mara nyingi jawabu ni moja: baba aliumia, na mtoto amekwenda kutafuta chakula. Majirani huchanga, na Mwenyezi Mungu awalipe, lakini mchango wa majirani huisha katika juma moja, na mguu uliovunjika hauponi katika juma moja. Sadaka ni fadhila. Fidia ni haki, na haki haigeuzwi kuwa fadhila.

Basi enyi wachukuzi wa bandarini petu, wajenzi wa nyumba na vijana wa mwalo wa Nyamukazi mwendao ziwani usiku, msiseme kuwa nyinyi ni wachache. Wazee wetu wakulima wa kahawa walikuwa kila mmoja na kibanja chake na gunia lake, na mnunuzi aliwapangia bei apendavyo. Walipoungana, na chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kikasimama mwaka 1950, wakawa na pa kusemea. Kidole kimoja hakivunji chawa.

MASHARTI YA CHAMA CHEMA

Walakini chama nacho kina masharti yake. Mwanachama aitimize kazi aliyokubali kuifanya, kwa maana mwenye kudai ujira kamili kwa kazi pungufu amepunja kipimo, na wenye kupunja tumewajua walivyoonywa. Viongozi wa chama waweke hesabu wazi, kwani ada ya wanachama ni amana. Na mgomo uwe dawa ya mwisho. Sheria yataka kwanza usuluhishi, na ukishindikana, mwajiri apewe taarifa ya saa 48 kabla ya kazi kusimamishwa. Huko si woga, bali ni kumkatia mtu hoja kabla ya kumkatia kazi.

NA SISI WENYE NYUMBA

Twamalizia na neno zito kuliko yote. Wengi wetu twalalamika juu ya matajiri, na hali sisi wenyewe tu waajiri. Yule binti atokaye kijijini, aamkaye kabla ya alfajiri kuchota maji na kupika uji, na kulala baada ya watu wote, ni mfanya kazi. Sheria yamtambua, kima cha chini cha mshahara kimewekwa kwa ajili yake pia, na kiko chama, CHODAWU, kinachowatetea watumishi wa majumbani. Asiambiwe kuwa chakula na nguo kuukuu ndiyo malipo yake, wala mshahara wake usikae kwa mwenye nyumba miezi mingi kwa jina la "kuhifadhiwa".

Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan hali ya kuwa mkimbizi, mzee aliyempokea angaliweza kumtumikisha kwa mlo wa kila siku. Hakufanya hivyo. Walipatana wazi: muda wa miaka minane, na kumi ikiwa Musa mwenyewe atapenda, malipo yakatajwa kabla ya kazi kuanza, na mwajiri akaahidi kuwa hatamtia mashaka. Huo ni mkataba wa kazi uliomo ndani ya Kurani, nasi twausoma kila mwaka pasipo kuufuata jikoni kwetu.

Basi kila mwenye nyumba, kabla ya mwezi huu kuandama, akae na mtumishi wake, wapatane ujira, saa za kupumzika na siku ya kwenda kwao, na mapatano hayo yaandikwe. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotoa haki za watu kabla hazijadaiwa, na wanaosimama na mnyonge anapodai yake. Amin.