Kwa nini kapteni anaweza kuliacha begi lako hata kama umelilipia

Kwa ufupi:
• Kila ndege ina uzito wa juu wa kuruka, na abiria anahesabiwa humo.
• Joto, njia fupi na mwinuko wa uwanja hushusha kikomo hicho.
• Kampuni inauza kilo, lakini neno la mwisho ni la kapteni.

Tuseme umetoka Kinyerezi alfajiri kuwahi ndege ndogo ya kwenda Mafia. Ukifika kaunta ya Jengo la Kwanza pale Uwanja wa Julius Nyerere (JNIA), begi linawekwa kwenye mzani. Halafu unaambiwa: "Dada, na wewe panda."

Unashangaa. Mtu anapimwa kama gunia la mkaa?

Usikasirike. Kilo zako zinaingia kwenye hesabu ambayo kapteni lazima airidhie kabla ya kuwasha injini. Lori likizidisha mzigo, litakamatwa kwenye mizani ya Vigwaza. Angani hakuna mizani. Kosa likipita chini, linaruka na watu.

Hesabu yenyewe ikoje?

Chukua Cessna Grand Caravan, ndege ndogo inayotumika sana kwenda visiwani na mbugani. Toleo lake lililozoeleka lina kikomo cha karibu kilo 3,970 wakati wa kuruka. Humo mna ndege yenyewe, mafuta, rubani, abiria na mizigo yote.

Ndiyo maana kwenye ndege za aina hii mara nyingi unaruhusiwa kilo 15 tu. Abiria 12 wakizidisha kilo tano tano, hizo ni kilo 60. Ni sawa na kupakia mtu mzima ambaye hayumo kwenye orodha. Mishikaki ya angani hiyo.

Ndege kubwa nazo zina kikomo. Boeing 787-8, kama zile za Air Tanzania, haipaswi kuzidi takriban tani 228 inapoanza kuruka.

Tena kikomo hicho hakisimami pale pale kila siku. Joto likipanda hewa inakuwa nyepesi, mabawa na injini vinapungukiwa nguvu. Mwinuko unafanya hivyo hivyo: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mzigo unaoruka vizuri Dar unaweza kulazimika kupunguzwa kule. Njia ya kurukia ikiwa fupi, unapunguza tena.

Halafu kuna suala la mzigo umekaa wapi. Ukijaa nyuma, pua ya ndege inanyanyuka kupita kiasi na rubani anaweza kushindwa kuirudisha.

Kampuni na kapteni wanapovutana

Kwa kampuni, kila kilo ni pesa. Meneja akiona nafasi tupu anaona hasara. Kapteni anaangalia mita za njia zilizobaki mbele yake.

Ubishi mwingine ni wa mafuta. Kapteni anataka ya akiba zaidi, maana hali ya hewa ikichafuka atahitaji kuzunguka au kwenda uwanja mwingine. Menejimenti inajibu kwamba mafuta nayo ni uzito, na kuyabeba kunachoma mafuta. Hawajakosea kuuliza.

Lakini kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), ambalo Tanzania ni mwanachama, zinampa kapteni neno la mwisho kuhusu usalama wa ndege. Kwetu msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA).

Shida ni kwamba kapteni naye ni mwajiriwa. Akisema "hapana" leo, kesho anakutana na bosi yule yule. Kwa hiyo kampuni salama ni ile ambayo rubani anaweza kukataa mzigo na bado akalala usingizi.

Tarehe 8 Januari, mara mbili

Januari 8, 1996, ndege ya mizigo Antonov An-32 iliyozidishiwa mzigo ilishindwa kunyanyuka uwanja wa N'Dolo, Kinshasa. Ilipitiliza njia na kuingia sokoni. Watu zaidi ya 200 waliokuwa chini walikufa. Hawakuwa na tiketi wala begi.

Januari 8, 2003, ndege ndogo aina ya Beechcraft 1900D ilianguka Charlotte, Marekani, na watu wote 21 waliokuwemo wakafa. Kwenye karatasi, uzito ulikuwa sawa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndege ilikuwa nzito kuliko hesabu na mzigo umeelemea nyuma, na juu ya hapo mafundi walikuwa wamekosea kurekebisha mfumo wa mkia.

Kumbe abiria hawakupimwa. Vilitumika viwango vya wastani, na watu halisi walikuwa wazito kuliko wastani huo. Baadaye Marekani ikavipandisha.

Wewe ufanye nini?

Pima begi nyumbani. Ukiulizwa kilo zako, sema ukweli. Usihamishie mzigo kwenye mkoba wa mkononi ili kukwepa mzani, maana ndege haijui mkoba, inajua kilo.

Na ukiambiwa begi litakuja na ndege inayofuata, una haki ya kudai lifike. Ila usimbembeleze mtu wa kaunta alipitishe. Huenda kuna kapteni ambaye ameshabishana na ofisi nzima ili wewe ufike.